Nitwike: Maswali Mnayoniuliza Kila Siku kuhusu Manka na Nchi ya Kabla

Tangu toleo la tatu la hadithi yangu ya picha litoke, kila nikishika brashi kibandani kuna mtu anasimama mlangoni na swali, na wengi ni watu wazima wanaojifanya wanawaulizia watoto wao. Maswali yenyewe yanajirudia. Nimeyaandika hapa pamoja na majibu ili nipate nafasi ya kumaliza mabango ya watu. Kama umesoma toleo la kwanza tu, ruka swali la steringi, usije ukanilaumu.

Nitwike ni kitu gani?

Ni hadithi ya picha, kurasa 32 kila toleo, nyeusi na nyeupe isipokuwa jalada. Steringi ni Manka, msichana wa Old Moshi, pota wa Kilimanjaro, yaani mbeba mizigo ya wageni, au mgumu kama wenyewe wanavyojiita. Msimu wa wageni ukiwa umelala anarudi kihambani kwa bibi yake na kukuta mfongo, mfereji wa maji, umekauka. Anaufuata kwenda juu ajue maji yamezibwa wapi, anaingia pangoni, na upande wa pili anatokea kwenye nchi yenye dinosaria. Nchi hiyo inaitwa Kabla. Huko anagundua kwamba anaweza kuhamisha uzito wa kitu chochote anachokigusa.

Jina limetoka wapi?

Nenda soko la Mbuyuni, hapa Moshi, asubuhi, saa kumi na mbili na nusu hivi, mizigo inaposhushwa. Utamwona mama ameviringisha kata, ameiweka kichwani, ameinama kwenye mkungu wa ndizi, halafu anamwita yeyote aliye karibu: "Nitwike." Hamjuani. Au mnajuana na jana mligombania meza. Mtu anaacha shughuli yake, anashika upande wa pili, mkungu unapanda, kila mmoja anaendelea na yake. Sijawahi kuona mtu akikataa.

Mashujaa wengi wa katuni wakitaka kupandisha nguvu wanapiga kelele au wanang'aa. Wangu anaomba. Akisema "nitwike" na asiwepo wa kumjibu, nguvu haziji. Wasomaji wengine waliona huo ni udhaifu, wakaniambia nimpe na uwezo wa peke yake kwa dharura. Nimekataa. Mzigo mzito huwezi kujitwika mwenyewe, hata uwe na misuli ya namna gani, na aliyewahi kubeba gunia anajua.

Nguvu zake zinafanyaje kazi? Mbona toleo la kwanza alizama?

Sheria ni moja: uzito haupotei, unahama. Akiutoa mahali, lazima autue mahali pengine, na anao muda wa pumzi saba tu. Pumzi ya saba ikipita, uzito unaingia mifupani mwake.

Mfano mzuri uko toleo la pili, ukurasa wa 14. Kuna mtoto wa dinosaria aitwaye Dicraeosaurus amenasa kwenye tope la ufuoni, maji ya bahari yanapanda. Manka anamshika shingoni, na kule mbali mvulana mvuvi wa Kabla, ambaye hawaelewani lugha, anamjibu kwa kunyanyua mkono tu. Mnyama anakuwa mwepesi kama kikapu kitupu, anatoka topeni. Kwenye picha zinazofuata nimehesabu pumzi kwa vimoshi vidogo mdomoni mwake, moja, mbili, tatu, huku akitafuta pa kutua. Anautua kwenye jabali, na jabali linazama polepole kama mandazi kwenye chai.

Toleo la kwanza alikuwa hajui. Aliuchukua uzito wa mti ulioanguka, hakuwa na pa kuutua, akadidimia mpaka magotini. Goti lake la kushoto halijapona tangu siku hiyo, ndiyo maana kila akishuka mteremko namchora anatanguliza mguu wa kulia. Hilo goti ni langu. Nilibeba mizigo misimu saba, njia ya Machame, na kushuka kunaumiza kuliko kupanda. Wageni hawaliamini hili mpaka wafike Mweka, geti la kushukia.

Kwa nini havai joho wala kinyago?

Ana kata. Hicho ni kitambaa cha kanga kilichoviringishwa, wengine mnakiita ngata. Pota mlimani akibeba kapu au begi kichwani hawezi kwenda bila kitu cha kuzuia, na joho lingenasa kwenye miti ya bonde la Barranco siku ya kwanza. Kinyago sikukihitaji. Nani anaukumbuka uso wa pota? Wageni hupiga picha kileleni na mwongozaji wao. Aliyebeba hema yuko chini anachemsha maji. Manka anajificha vizuri tu bila kujifunika.

Umeiga katuni za Marekani?

Nimezisoma, na sitaki kudanganya kwamba sikuzipenda. Mashujaa katika nchi ya dinosaria iliyofichika ni jambo la zamani. Marvel wanayo Savage Land, imejificha Antaktika, na tangu mwaka 1965, katika X-Men toleo la 10, ina mlinzi wake Ka-Zar, mtoto wa lodi wa Kiingereza anayeishi huko na paka mkubwa wa meno marefu aitwaye Zabu. Mle ndani utamkuta dinosaria, utamkuta huyo paka, utawakuta na watu wa mapangoni, wote kwenye bonde moja. Nilipokuwa kijana niliona ni safi kabisa.

Baadaye, nikiwa na begi la mtu kichwani, nikaanza kuulizana na nafsi yangu. Kwenye hadithi hizi daima kuna mgeni anafika na kusema nchi imepotea na yeye ameiona. Sawa. Na hema lake limefikaje? Masanduku, bunduki, sufuria, chumvi? Ukitazama michoro, nyuma kabisa, kuna mstari wa watu wadogo wasio na nyuso. Mimi nimewaleta mbele hao. Basi, hicho ndicho nilichobadilisha. Vurugu na mbio na meno viko vile vile.

Kabla iko ndani ya Kilimanjaro?

Hapana, na hapa nimebishana na watu mpaka chai ikapoa. Mlima wetu ni mtoto. Volkano zake zilianza kulipuka karibu miaka milioni 2.5 iliyopita, na Kibo ni mdogo kuliko Shira na Mawenzi. Dinosaria wakubwa walitoweka miaka milioni 66 iliyopita. Kwa hiyo chimba kihamba chako utakavyo, Marangu, Kibosho au Rombo, hutapata mfupa wa dinosaria. Mwamba wenyewe haukuwepo.

Pango la Manka ni mlango tu. Milima ya volkano ina mapango marefu yaliyoachwa na uji wa moto ulipopita, na kwetu hadithi za watu kujificha ardhini enzi za vita zinajulikana, kwa hiyo mlango niliupata bure. Anakotokea ni mbali: ni Tendaguru, Lindi, miaka milioni 150 iliyopita, wakati pale palipokuwa pwani yenye vidimbwi vya maji ya chumvi, na misitu ya miti jamii ya misonobari upande wa bara.

Kumbe dinosaria wa Tanzania ni wa kweli?

Wa kweli, na si mmoja wala wawili. Hili ndilo swali ninalolipenda, kwa hiyo vuta kiti.

Mwaka 1906 mhandisi wa madini Mjerumani, Bernhard Sattler, alitoa habari ya mifupa mikubwa iliyolala juu ya ardhi kwenye kilima cha Tendaguru. Kuanzia 1909 hadi 1913 makumbusho ya Berlin yakaendesha uchimbaji pale. Vita vya Majimaji vilikuwa vimekwisha mwaka 1907, na njaa iliyofuata vita ilikuwa haijasahaulika. Watu wa maeneo hayo ndio walioajiriwa kuchimba, na kazi ilipochanganya walifika kama 500. Aliyewasimamia alikuwa Boheti bin Amrani, mtu aliyejua kuutoa mfupa mwambani bila kuuvunja.

Sasa sehemu inayoninyima usingizi. Mifupa iliyotoka pale ni zaidi ya tani 200. Gari hakuna, reli hakuna, na wanyama wa kubeba mizigo wasingeishi kwenye mbung'o. Kila kitu kilikwenda kichwani na mabegani, mwendo wa siku nne hivi mpaka bandari ya Lindi. Mfupa wa juu wa mguu wa mbele wa Giraffatitan, dinosaria wa shingo ndefu, una urefu wa mita 2.13, mimi nikisimama unanizidi. Vipande vilivikwa mianzi iliyofungwa pande zote kama pipa, visije vikapondeka njiani. Nimepiga hesabu kwa mizani yetu mapota ya geti la mlima, kilo 20 kwa mtu mmoja: tani 200 ni safari 10,000. Safari elfu kumi, kila moja siku nne kwenda, na kurudi.

Huyo Giraffatitan leo amesimama Berlin, tangu mwaka 1937. Kutoka sakafuni hadi utosini ni mita 13.27, yaani angechungulia juu ya paa la nyumba ya ghorofa tatu pale Double Road bila kunyoosha shingo sana. Habari ya kumrudisha ilishafika mpaka bungeni. Mimi nimeamua kumrudisha kwa penseli, maana haihitaji kibali.

Na Boheti? Mwaka 2007 dinosaria mmoja wa Tendaguru alipewa jina Australodocus bohetii kwa heshima yake. Karibu miaka mia baada ya kazi, lakini lipo. Mzee mwenye kofia ya kitani kwenye toleo la tatu, yule anayegonga mwamba kwa kidole na kusikiliza, nimemchora nikimfikiria yeye. Jina sikumpa, kwa sababu maneno anayosema ni ya kwangu.

Mnyamawamtuka ni jina la kubuni, sivyo?

Sivyo! Mnyamawamtuka moyowamkia ni jina la kisayansi kabisa, limetolewa mwaka 2019. Mnyama wa mto Mtuka, kusini-magharibi mwa nchi, mwenye pingili ya mkia inayofanana na moyo. Yupo pia Shingopana songwensis, wa mwaka 2017, na hilo halihitaji tafsiri. Hawa ni wa zama za baadaye kuliko Tendaguru, kwa hiyo Kabla hawapo. Kwenye toleo la pili Manka anawaota tu. Halafu kuna Nyasasaurus, kutoka bonde la Ruhuhu, miaka kama milioni 243 iliyopita, ambaye huenda ndiye dinosaria wa kale kuliko wote waliowahi kupatikana duniani. Kijana mmoja kwenye Kosta ya Arusha aliniambia dinosaria ni mambo ya Wamarekani. Nilimsomea majina haya kutoka Moshi mpaka Usa River.

Mbona hakuna T. rex? Nilinunua kwa ajili ya T. rex.

Pole, mdogo wangu. Tyrannosaurus aliishi Amerika Kaskazini, miaka milioni 68 hadi 66 iliyopita. Piga hesabu: kutoka kwa Giraffatitan hadi T. rex ni zaidi ya miaka milioni 80, kutoka T. rex hadi wewe ni 66. Yaani T. rex yuko karibu na wewe kuliko alivyo karibu na huyo mwenye shingo ndefu. Kuwachora pamoja ni sawa na kumchora chifu wa zamani anapanda bajaji.

Wala nyama wa Kabla wapo, ila nawachora kwa vivuli na nyayo. Anayeogopesha kuliko wote, kwa maoni yangu, anakula majani: Kentrosaurus, mita nne na nusu hivi, ana miiba mabegani na kwenye mkia. Anapougeuza huo mkia usiwe nyuma yake.

Yule mwembamba anayekimbia, kwa nini kila picha kichwa chake kimefichwa?

Ahsante kwa kuona. Ni Elaphrosaurus, na fuvu lake halijawahi kupatikana. Mwili wake Tendaguru wameupata, mrefu kama mita sita, mwepesi, wa mbio. Kichwa hakuna. Basi nikajiwekea sharti: kila anapotokea, kichwa kiwe nyuma ya tawi, au kwenye ukungu, au nje ya fremu. Watu wa Kabla wanamwita Bwana Pita. Hadi sasa ametokea mara 23, na nimeshaishiwa matawi.

Nchi yenyewe mbona kama imenyolewa? Nyasi ziko wapi?

Hazikuwepo. Miaka milioni 150 iliyopita dunia haikuwa na nyasi wala maua. Ardhini kulikuwa na mikangaga na jamii zake, juu miti ya misonobari. Fikiria mtu wa kihambani, aliyezoea migomba juu, kahawa chini yake, maharage chini kabisa, anafika mahali ambapo hakuna jani hata moja analolijua. Ukurasa wa 9 wa toleo la kwanza hauna maneno kwa sababu hiyo: Manka anatembea akigusa kila mmea, kama mtu aliyeingia msibani asikomfahamu yeyote.

Na njaa. Mfukoni alikuwa na ndizi tatu. Ya kwanza anakula. Ya pili anampa yule mvulana mvuvi, anaila na ganda. Ya tatu anaizika, anamwagilia, anasubiri, na bibi yangu alipofika hapo alicheka mpaka akakohoa: "Ndizi inapandwa kwa chipukizi, ina mbegu gani hiyo!" Manka naye anajua. Lakini mtu akiwa peke yake hufanya mambo.

Rangi zao umezijuaje? Na sauti?

Rangi za jalada ni za kwangu. Giraffatitan nimempa madoa ya ndege kanga kwa kuwa napenda kuyachora. Sauti sijaandika hata moja. Badala ya kuandika wanalia vipi, nachora maji yakitikisika kwenye kibuyu cha Manka.

Usufi ni nani? Ni Mjerumani? Ni bosi wako wa zamani?

Ni mswahili mwenzetu, mnunuzi wa mifupa, suti safi, viatu visivyojua tope. Jina limetoka kwenye methali: mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Nilijua ningemfanya Mzungu watu wangeshangilia haraka na kufunga kitabu, na mimi nilitaka msomaji apate shida kidogo.

Kitu kimoja ambacho ni wachache wamekiona: kwenye matoleo yote matatu, mikono ya Usufi haijawahi kushika kitu. Kikombe anashikiliwa. Karatasi anafunguliwa. Hata akinyooshewa mkono wa salamu, kuna mtu anaupokea kwa niaba yake. Rudi ukahesabu.

Kuhusu bosi: niliwahi kufanya kazi na kampuni, sitaitaja, ambayo mgeni aliacha bahasha ya bakshishi ya watu kumi na moja, ikatufikia imekuwa ya watu sita. Kiongozi wa safari alituambia bahasha ilikuja hivyo hivyo. Yeye hakuwa na suti, alikuwa na fulana ya mpira. Kwa hiyo si yeye. Labda viatu.

Steringi anakufa?

Sote tumekulia vibanda umiza, tunajua steringi hafi. Lakini mwisho wa toleo la tatu umewavuruga watu, na ndilo swali linalonipigia simu saa nne usiku.

Kwa wasiosoma: Giraffatitan mzima anateleza ukingoni mwa korongo, chini kuna kijiji cha wavuvi. Makadirio ya wanasayansi kuhusu uzito wa mnyama huyu yanatofautiana, mengi yako kati ya tani 20 na 40. Manka anauchukua wote. Pumzi ya kwanza, ya pili. Kila anapotazama pa kutua kuna mtu, au kiota, au mtumbwi. Pumzi ya sita anafumba macho. Ukurasa wa mwisho ni tope na kata peke yake.

Sisemi kitu. Ila chukua toleo lako, nenda kwenye mwanga, uitazame hiyo kata vizuri. Kata ikianguka kutoka kichwani hufumuka. Ile imeviringika, ncha imechomekwa ndani. Uliza mama yeyote sokoni maana yake ni nini.

Bei gani, na inapatikana wapi?

Shilingi 2,500. Moshi ni kibandani kwangu na kwenye meza ya magazeti karibu na stendi. Arusha inapanda Kosta kila Jumamosi na kushukia kwa muuza vitabu vya mtumba jirani na soko la Kilombero. Ukikosa siku hiyo, subiri wiki ijayo. Nachapa 300 tu, kwa sababu pesa ya 301 sina.

Toleo langu la pili lina ukurasa wa 17 kichwa chini.

Lako na la wenzako 80. Kiwanda cha uchapaji, hapa hapa kanda ya kaskazini, kiligeuza karatasi moja, na nilipokwenda kulalamika nikaambiwa "dinosaria wenyewe nani anajua walikuwa wanasimama vipi." Nilicheka, halafu nikalipa deni. Lete nakala yako nikubadilishie, au kaa nayo: kuna mtoto ananiambia ukurasa huo umegeuka makusudi kwa sababu Manka anaanguka. Sijamsahihisha.

Naweza kupiga picha kurasa na kuzirusha kwenye magrupu?

Mbili tatu za kuwaonjesha watu, rusha. Toleo zima, hapana, ndugu yangu. Nimeshaletewa Nitwike yangu mwenyewe kwenye simu, na aliyeniletea akaniuliza kama naijua.

Mwanangu ana miaka saba. Inamfaa? Haina uchawi?

Shikamoo mama. Damu ni kidogo, matusi hakuna, mapenzi hakuna. Kuna mnyama anakufa toleo la pili, na watoto wengi wanauliza kuhusu ukurasa huo, kwa hiyo ukae naye. Uchawi haumo: Manka hana hirizi, hana mganga, na bibi yake anasali kabla ya kula mtori kama bibi zetu wote. Kuhamisha uzito ni jambo la kubuni, sawa na sungura kumdanganya fisi.

Maneno ya Kichaga mbona hayana maelezo?

Ni machache: mfongo, kihamba, aika, meku. Msomaji wa Tanga aliniandikia kwamba aliyaelewa yote kufikia ukurasa wa 6. Inatosha.

Nataka kuchora dinosaria. Nianzie wapi?

Nyuma ya nyumba. Kuku. Ndege wametokana na dinosaria wa miguu miwili, na namna kuku anavyonyanyua mguu, anavyokunja vidole hewani kisha kuvikunjua akikanyaga, hutaipata kwenye kitabu chochote kwa bei hiyo. Mchore akitembea mara mia. Mara ya themanini hivi utaacha kuona kuku.

Vifaa: penseli ya 2B, karatasi za A3 za duka lolote la steshenari, kalamu nyeusi ya wino usiofutika, rula. Usinunue rangi mwaka wa kwanza. Mimi nilijifunzia kwenye mabango ya saluni na gereji, na mpaka leo nikichora shingo ndefu naanza na mkunjo ule ule wa herufi S ya "SALUNI".

Toleo la nne lini?

Nimekwama ukurasa wa 20 na 21, ambazo ni picha moja. Ni njia ya kwenda Lindi, inashuka kutoka kona ya juu kushoto mpaka chini kulia, na juu yake kuna wabebaji 500 na mianzi yao. Ningeweza kuweka vichwa kumi mbele na nukta nyuma, na jirani yangu fundi cherehani ananishauri hivyo kila siku. Lakini nilishasema nawaleta mbele. Kwa hiyo kila mmoja anapata uso, na nyuso za kubuni zinaisha haraka. Ukifika ya arobaini unajikuta unamrudia mjomba wako.

Hadi jana usiku nilikuwa nimefika 61. Wengi ni wagumu wa Machame na Marangu waliokuja kibandani, wakakaa kwenye ndoo dakika kumi, wakaondoka. Wanne ni mama zetu wa Mbuyuni. Kama umewahi kubeba, mlimani au sokoni, au una picha ya babu aliyebeba, nafasi zipo 439. Njoo jioni baada ya saa kumi, jua likiwa upande wa mlango, na uje na kata yako.